Kuli Ana Kitabu, Mkata Miti Ana Cheti

Mimi ni mhandisi, si mhakiki, na maishani nimesoma michoro mingi kuliko riwaya. Lakini jarida letu halibagui mtu, kwa hiyo leo naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu fasihi ya Kiswahili. Kuli wa bandarini ana kitabu. Kibarua wa karafuu ana kitabu. Mtu anayepanda, kupogoa na kuangusha miti katika mashamba makubwa ya miti ya Afrika Mashariki hana. Alicho nacho ni cheti, tena si chake bali cha mwajiri wake, kimeandikwa kwa Kiingereza, na wanaokisoma wako huku tuliko.

Nianze na kitabu. Kuli ya Adam Shafi ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1979. Imejengwa juu ya mgomo wa kweli wa Unguja, ule wa 1948 ulioanzia bandarini ukaenea mjini. Rashidi anaingia kazi ya bandari kama baba yake kabla yake, anakutana na Faraji anayemfungua macho, na watu waliokuwa wakigombea vibarua wanageuka kuwa kitu kimoja. Nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa ndani ya Central Line kutoka Stratford kwenda kazini, na kasoro zake sitazificha. Hotuba zimezidi. Wahusika wema huzungumza kama tahariri ya gazeti, na Rashidi anaelimika upesi kuliko binadamu yeyote ninayemfahamu. Lakini gunia lina uzito. Msomaji anajua mzigo unabebwa na nani, unamfanya nini mbebaji, na faida inakwenda mfukoni mwa nani. Kitabu kikishaweza hayo, hotuba nitazivumilia.

Mwaka mmoja kabla yake, 1978, Shafi alikuwa ametoa Kasri ya Mwinyi Fuad. Humo tuko shamba, kwenye mikarafuu, na mikarafuu nayo ni miti. Kwa ladha yangu hicho ndicho bora kati ya viwili, kwa sababu ya Kijakazi, mtumishi mzee aliyenyanyaswa umri wake wote na bado anampenda Fuad, hata mapinduzi yanapofika hajui ayapeleke wapi mapenzi hayo. Mwandishi aliyeweza kumwona Kijakazi angemwona pia mwanamke anayeinama kwenye kitalu cha misindano kule Mufindi tangu alfajiri. Simlaumu. Yeye ni mtu wa Unguja na aliandika ya kwao. Ninaowalaumu ni sisi wa bara, na hasa sisi wa nyanda za juu.

Lugha yenyewe ilikwisha kufanya nusu ya kazi. Neno kibarua tunalitumia bila kufikiri, lakini asili yake ni kile kijikaratasi walichopewa watumwa waliokodishwa kwa siku mjini Unguja katika karne ya 19. Manamba ni watu wa mkonge, na jina linatokana na namba aliyopewa mtu badala ya jina lake. Sisi wa ughaibuni tukajipa letu, kubeba boksi, ambalo lilivuma kama mzaha miaka ya 2000, na leo hata mwalimu aliyekuja kuosha wazee kule Leyton anajiita mbeba boksi. Kila neno hapo lina hadithi tumboni. Mtu wa shamba la miti hakupata neno. Anaitwa kibarua tu, jina la kuazima.

Jambo hili linanikera zaidi kwa sababu watu ni wale wale. Njombe, Iringa na Songea ndiko wenye mashamba ya mkonge ya Tanga walikokwenda kutafuta nguvu kazi, na mwaka 1944 waliunda chombo chao cha kuandikisha watu, SILABU. Miaka michache baadaye shamba kubwa likaanza kuwafuata watu kwao. CDC, shirika la Kiingereza lililoundwa mwaka 1948 na ambalo tangu 2022 linaitwa British International Investment, lilianzisha Tanganyika Wattle Company huko Njombe mwaka 1949, ili magome ya miwati yatoe dawa ya kutengenezea ngozi. Serikali nayo ikapanua Shamba la Miti la Sao Hill kwa mikopo ya Benki ya Dunia kuanzia miaka ya 1970. Mjukuu wa manamba hakuhitaji tena kupanda lori la kwenda Tanga. Misindano na milingoti ilipandwa hadi karibu na mlango wake.

Halafu kikaja kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza kuzalisha mwaka 1985. Niliwahi kuingia humo nikiwa kijana, na mpaka leo nakumbuka harufu ya magogo yanayopikwa na jinsi mashine ilivyokuwa ndefu kuliko kanisa la kwetu. Kiwanda kile kilijengwa ili nchi ijitosheleze kwa karatasi, ya kufungia na ya kuandikia. Baadaye kilisimama, na mwaka 2004 kikapita mikononi mwa wawekezaji kutoka Kenya. Ninachotaka msomaji akione ni kitu kidogo tu: nchi ilikata miti ya Mufindi ipate karatasi ya vitabu, na katika vitabu vyote nilivyopata kuvisoma sijamkuta mtu aliyeikata.

Labda kazi yenyewe haifahamiki, kwa hiyo niieleze kwa lugha ya fundi. Ukitaka kuangusha msindano kwa msumeno wa mnyororo, unakata kwanza mdomo upande unaotaka mti uelekee, kisha unakuja nyuma na kukata kuelekea mdomo ule, lakini hufiki mwisho. Unaacha ukanda mwembamba wa mti usiokatwa. Ukanda huo ndio bawaba. Mti unaanguka polepole ukiongozwa nao, kama mlango unavyofungwa. Ukiukata wote kwa haraka, mti unachagua wenyewe pa kwenda. Na kwa sababu hata fundi mzuri hukosea, kanuni za Shirika la Kazi Duniani kuhusu usalama msituni, zilizotolewa mwaka 1998, zinataka watu wengine wakae mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti. Mti wa mita 25 unadai mita 50.

Sasa mlipe mtu huyo kwa kipande, yaani kwa idadi ya magogo au kwa ujazo. Mita 50 zinakuwa ghali mara moja. Anayekata matawi anasogea karibu na anayeangusha, kwa kuwa kutembea hakulipwi. Bawaba inakuwa nyembamba, kwa kuwa subira hailipwi. Suruali ya kinga, ile yenye nyuzi ndefu zinazonasa mnyororo na kuusimamisha kabla haujafika kwenye nyama, inabaki kambini kwa sababu ina joto na inampunguza mtu kasi, kama ipo. Wenzangu wahandisi hupenda kuziita ajali za namna hii uzembe wa mfanyakazi. Mimi nasema mfumo wa malipo ni sehemu ya mashine, sawa na breki ya mnyororo, na ukiubuni vibaya utaua watu hata kama msumeno ni mpya.

Baada ya msitu kuna mbao. Pale Mafinga na vijiji vyake wana mashine ndogo ya kupasulia wanayoiita dingdong: injini ya dizeli, mkanda, na msumeno wa duara. Inahamishika, kwa hiyo inafuata miti ilipo. Ni ya bei nafuu, na sitaidharau kwa hilo, kwani imewafanya wenye ekari mbili tatu za misindano wauze mbao badala ya kuuza miti iliyosimama. Lakini nyingi ya hizo nilizoziona mkanda uko wazi, msumeno hauna kifuniko, na gogo linasukumwa kwa mikono. Msumeno ni mnene, kwa hiyo sehemu kubwa ya mti inaishia kuwa vumbi, na vumbi hilo linaishia kifuani mwa vijana. Kinga ya msumeno ni bati lililokunjwa na boliti nne. Fundi wa gereji yoyote ya Mafinga anaweza kuitengeneza kabla ya saa sita mchana. Haitengenezwi kwa sababu hakuna anayeidai, na anayeweza kuidai ni kibarua ambaye kesho anaweza asiitwe kazini.

Hapo ndipo sheria ingefaa kusimama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 si mbaya hata kidogo ukiisoma. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na kama mfanyakazi hayaelewi, aelezwe kwa namna atakayoielewa. Inamtaka pia abandike haki za wafanyakazi mahali zinapoonekana. Lakini soma pembeni. Anayemfanyia mwajiri kazi chini ya siku sita kwa mwezi aliachwa nje ya sharti la maandishi. Na mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja aliachwa nje ya kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Sasa fikirieni jinsi Sao Hill inavyovunwa. Shamba ni la Serikali, lakini miti huuzwa ikiwa imesimama, kwa wanunuzi wengi wenye vibali, na kila mnunuzi huja na watu wake. Watu hao kambi yao mara nyingi ni turubai. Kibali kikiisha mnunuzi anaondoka, na kijana anahamia kwa mwingine, na hesabu ya miezi sita inaanza upya. Anaweza kukata miti ya shamba lile lile miaka kumi na asifikishe miezi sita popote.

Mshahara je? Kipimo kilicho karibu naye zaidi ni kima cha chini cha kilimo. Amri ya mishahara ya 2013 ilikiweka shilingi 100,000 kwa mwezi, na ile ya 2022 ikakipandisha hadi 140,000. Kwa thamani ya mwanzoni mwa 2023 hizo zilikuwa kama pauni 50, yaani karibu saa tano za kima cha chini cha Uingereza cha mwaka huo. Najua maisha ya Mafinga si ya London, msiniandikie barua. Lakini bei ya msumeno wa mnyororo ni ile ile kote, na buti zenye chuma mbele ni hivyo hivyo.

Basi turudi kwenye cheti, maana hicho ndicho maandishi pekee marefu yanayomhusu mtu huyu, na mimi nimekichukulia kama kazi ya kuhakikiwa. Hapa Stratford tunaishi katikati ya vyeti vya mbao. Mtaa wa Carpenters Road umepewa jina la chama cha maseremala wa London, kilichonunua ardhi hapa mwaka 1767. Olimpiki ya 2012 ilipojengwa jirani, mamlaka ya ujenzi ilidai mbao zenye uthibitisho kwamba zimetoka kwenye misitu halali na inayotunzwa. Uwanja wa baiskeli, ule wenye paa lililopinda, umevikwa nje mwerezi mwekundu, na njia ya ndani imetandikwa vipande vya msonobari wa Siberia ambavyo ukiviunganisha vinafika kilomita 56. Hakuna ubao wa Mufindi pale. Nautaja kwa sababu ni jengo zuri sana, na kwa sababu kila mgeni ninayempeleka huniambia habari za miti. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za wakataji.

Cheti kinachojulikana zaidi ni cha FSC, baraza lililoundwa mwaka 1993. Kanuni zake ni kumi. Katika toleo la zamani wafanyakazi waliwekwa kanuni ya nne, pamoja na wanavijiji, kana kwamba ni kundi moja. Toleo lililopitishwa mwaka 2012 liliwapa kanuni yao wenyewe, ya pili, yenye haki ya kuunda chama, kukataza ajira ya watoto na ubaguzi, usalama kazini, fidia. Hayo ni maendeleo, na mtu atakayesema cheti hakina maana hajatembelea shamba lisilo nacho. Ilipofika 2021 masharti ya msingi ya kazi yakaingizwa pia katika ukaguzi wa viwanda vinavyopokea mbao. Dingdong, bila shaka, zote ziko nje ya habari hii.

Kasoro yake ni ya kifasihi. Cheti hakina mhusika. Kina hekta, aina za miti, kaboni, na mstari wa idadi ya wafanyakazi, wanaume kadhaa, wanawake kadhaa. Mkaguzi hufika kwa siku chache, huonyeshwa watu, huuliza maswali mbele ya macho ya wanyapara au nyuma yao, na kuandika kwamba hakuna malalamiko makubwa. Shafi angeuliza: huyo aliyejibu alikuwa anaogopa nini?

Uganda ilitupa jibu. Kampuni ya Kiingereza ya New Forests ilipanda misindano na mikaratusi katika wilaya za Mubende na Kiboga. Shamba lake la Namwasa lilikuwa na cheti cha FSC. Mwaka 2011 Oxfam ilitoa ripoti ikisema watu zaidi ya 20,000 waliondolewa kwenye ardhi hiyo. Kampuni ilikana kwamba imemfukuza mtu. Shauri likaenda kwa msuluhishi wa Benki ya Dunia upande wa mikopo ya sekta binafsi, na makubaliano na wanavijiji yakafikiwa mwaka 2013 kwa Mubende na 2014 kwa Kiboga. Ripoti ilizungumzia ardhi, lakini mimi naisoma kama habari ya mishahara pia. Mwenye migomba na kahawa yake anaweza kuukataa ujira wa palizi akarudi shambani kwake. Akishaondolewa, atapokea chochote kinachotajwa. Cheti kilipokaguliwa hakikuyaona hayo, kwa sababu kilianza kuhesabu miti ilipokwisha kupandwa.

Sasa angalieni kitu kimoja. Mmoja wa wenye hisa katika kampuni hiyo, karibu asilimia 20, alikuwa benki ya HSBC, na makao yake wakati huo yalikuwa ule mnara wa Canary Wharf, kituo cha nne kwa Jubilee Line ukitokea hapa Stratford. Katika mnara huo huo alifanya kazi Abdul Durrant, msafishaji wa usiku, aliyeajiriwa na mkandarasi, si na benki. Mwaka 2003 alisimama kwenye mkutano mkuu wa wenye hisa, akasaidiwa na TELCO, umoja wa jumuiya za Mashariki ya London ulioanzisha kampeni ya mshahara wa kuishi mwaka 2001, akamweleza mwenyekiti Sir John Bond hali yake uso kwa uso. Magazeti yaliandika. Haukupita muda mrefu masharti ya wasafishaji yakaboreshwa.

Wengi wetu tumefagia minara ile au tuna ndugu aliyeifagia, kwa hiyo tunajua Bwana Durrant alikuwa na nini. Alikuwa na Kiingereza. Alikuwa na tiketi ya basi. Na alikuwa na ushahidi kwamba ofisi anayoisafisha na ofisi inayoamua mshahara wake ziko jengo moja, hata kama karatasi zilisema mwajiri wake ni mwingine. Kibarua wa palizi Mubende alikuwa na bosi yule yule ghorofa za juu, na asingeweza kumjua. Mnyororo wake ulikuwa mrefu: nyapara, mkandarasi, kampuni, benki. Kuli alikuwa na bahati, jamani. Meli aliiona.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema riwaya ya namna hii imepitwa na wakati, kwamba ni mambo ya Azimio na chama kimoja. Mnyororo ukiwa mfupi unaweza kupelekana na takwimu. Ukiwa mrefu hivi unahitaji msimulizi atakayeketi kitalu cha Mufindi sura ya kwanza, na sura ya tano awe kwenye lifti Canary Wharf, bila kumpoteza msomaji njiani. Hotuba apunguze. Atueleze bawaba ni nini, na mkono unatetemeka vipi usiku baada ya siku nzima na msumeno. Nani atakiandika? Anayekijua Kibena na Kihehe kidogo, Kiswahili chote, na mahali lifti ilipo. Watu wa namna hiyo wako wengi katika ukumbi tunaokutania Jumamosi.

Na kabla ya riwaya kuna kazi fupi ya tafsiri. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kwa nini muhtasari wa ukaguzi wa shamba la miti ubaki Kiingereza? Ubandikwe kambini, kwa Kiswahili, karibu na tangi la maji, kibarua asome kilichoandikwa juu yake, aseme kama ni kweli. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, TPAWU, kingekuwa na kitu mkononi cha kuanzia mazungumzo.

Muhtasari huo haufichwi. Ukinunua ubao dukani, ule wa rafu za jikoni, tafuta alama ya mti yenye herufi FSC, halafu C na tarakimu sita. Ziandike kwenye tovuti yao na jina la mwenye cheti litatokea. Ukimfuata mpaka shambani mbao zilikotoka, mara nyingi utaukuta muhtasari, kurasa arobaini, hamsini. Utasoma aina za miti kwa Kilatini. Utasoma hekta na tarehe cheti kinapokwisha. Mahali fulani katikati kutakuwa na kijisanduku cha ajali, safu mbili, kubwa na za vifo, na ndani yake namba.